Mapaja yamekaza baada ya kushuka Kilimanjaro: nimsikilize nani?

"Habari za kazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, kazi yangu ni ya ofisini, Dar es Salaam. Nimetoka kupanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, siku sita. Ijumaa alfajiri nilifika Uhuru, namshukuru Mungu. Wakati wa kupanda nilihema sana lakini miguu haikuuma. Jumamosi tulipofika getini miguu ilikuwa mizito kidogo tu, hata nikacheza na wapagazi walipoimba. Jumapili kwenye basi la kurudi ndipo mapaja yalipoanza kukaza. Leo Jumatatu siwezi kushuka ngazi bila kushika ukuta, na kukaa chooni ni mtihani. Mapaja yote mawili yanauma nikiyagusa, vigimbi vina nafuu. Rafiki yangu wa jimu anasema ni asidi imejaa kwenye misuli, nikimbie itoke. Mama anataka kunikanda kwa maji ya moto na chumvi. Dada wa duka la dawa anasema nichome sindano za diclofenac siku tatu. Shemeji ndiye kanitisha, anasema misuli ikifa huziba figo. Nimsikilize nani? Mbona wapagazi hushuka wakikimbia na mizigo kichwani na hawaumii? Na Jumamosi ofisini tuna bonanza, nimo kwenye timu ya netiboli. Nicheze?"

Hongera sana, dada. Kufika mita 5,895 kwa miguu yako mwenyewe si jambo dogo, na wengi huishia kambi ya Kibo wakitapika.

Kabla hujaendelea kusoma, nijibu mambo matatu kimoyomoyo. Mkojo wako tangu jana una rangi gani? Je, kuna mguu mmoja uliovimba au kupata joto kuliko mwenzake? Na je, una homa? Kama mkojo ni wa rangi yake ya kawaida, miguu inalingana na mwili hauna joto, basi soma polepole, huna dharura. Kama jibu lolote limekutia shaka, ruka moja kwa moja hadi pale ninapomzungumzia shemeji yako, kisha uende hospitali leo hii, usisubiri kesho.

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, na kila baada ya msimu wa kupanda mlima huja watu wenye maelezo yanayofanana na yako karibu neno kwa neno. Mtu akiniambia msuli umekaza, kazi yangu ya kwanza ni kujua umekazaje. Kuna kule kubanwa kwa ghafla, kigimbi kinajikunja kuwa gumu kama jiwe usiku wa manane, unaruka kitandani, dakika chache kimeachia. Kuna kuchanika nyama za paja, kama wachezaji wetu wa mpira: anakimbia, anasikia kitu kimekatika, anashika sehemu moja ileile na hawezi kuendelea. Yako siyo hayo. Yako yameanza saa nyingi baada ya kazi kwisha, yako miguu yote miwili, yametanda paja zima, hayaumi ukitulia ila ukigusa au ukitumia msuli, na kushuka ngazi ni kubaya kuliko kupanda. Hayo ni maumivu ya kuchelewa ya misuli iliyofanya kazi isiyoizoea. Kwa kawaida huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kazi, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, na huisha ndani ya wiki. Ukipiga hesabu kuanzia Ijumaa na Jumamosi, leo Jumatatu ndiyo siku yako mbaya kabisa. Huenda wakati unasoma haya umeshaanza kupata nafuu.

Sasa tuanze na rafiki yako wa jimu, kwa sababu hadithi yake ndiyo niliyoisikia mara nyingi kuliko zote, hata kwa makocha wenye vyeti. Haikutoka hewani. Mwaka 1907 wanasayansi wawili wa Cambridge, Fletcher na Hopkins, walionyesha kwamba msuli wa chura ukichokeshwa bila kupata oksijeni hujaa asidi ya laktiki. Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 1922 ilikwenda kwa Archibald Hill na Otto Meyerhof kwa kazi zao juu ya msuli, asidi hiyo ikiwamo. Watu wakaunganisha mambo: msuli uliochoka una asidi, msuli uliochoka unauma, basi asidi ndiyo inayouma. Ukikimbia mbio kali za mita 400, ule moto unaousikia kwenye mapaja kweli unatokea wakati kemia ya msuli imevurugika. Lakini laktiki huondoka mapema mno. Ndani ya saa moja hivi ya kupumzika damu yako imesharudi ilipokuwa, maana moyo, ini na misuli mingine huitumia kama chakula. Ile ya Ijumaa haiwezi kuwa bado imekaa kwenye paja lako Jumatatu.

Na kuna jaribio moja la mwaka 1983 huko Marekani ninalolipenda kwa urahisi wake. Watu walikimbizwa, wengine mahali tambarare, wengine kwenye mteremko. Waliokimbia tambarare laktiki yao ilipanda, lakini hawakuumwa baadaye. Walioteremka laktiki yao haikupanda, ila siku zilizofuata ndio waliotembea kama wewe sasa. Hapo hoja ya asidi imekwisha. Ajabu ni kwamba tangu mwaka 1902 Mmarekani mwingine, Theodore Hough, alikwishaandika kuwa maumivu ya aina hii pengine yanatokana na kuchanika kudogo ndani ya msuli wenyewe. Miaka zaidi ya mia imepita, na habari ya asidi bado inatamba jimu.

Jibu limejificha kwenye sentensi yako mwenyewe: kupanda ulihema, lakini miguu haikuuma. Ukipanda, msuli wa mbele ya paja unajikaza na kufupika, unakunyanyua. Kazi hiyo inakula pumzi, na huko juu pumzi yenyewe haba. Ukishuka, msuli uleule unafanya kinyume. Kila unapotupa mguu chini, goti linajikunja na mwili wako wote unataka kuanguka mbele. Paja linakuzuia. Linavuta, lakini huku likivutwa na kurefuka. Pumzi haisumbui, moyo umetulia, mnapiga soga njiani, ilhali paja linafanya kazi ya breki za lori linaloteremka mlima Kitonga. Dereva wa pale anajua injini haichoki kwenye mteremko. Kinachopata moto ni breki.

Hesabu ya njia yako ni hii. Usiku wa Alhamisi mlitoka Kibo, karibu mita 4,720, mkapanda hadi 5,895. Asubuhi ileile mkageuka mkashuka hadi kambi ya Horombo, kwenye mita 3,720. Hizo ni zaidi ya mita 2,100 za kushuka kwa siku moja, tena baada ya usiku bila kulala. Kesho yake mkashuka tena mita zaidi ya 1,800 hadi getini Marangu. Mlima mliopanda kwa siku tano, mapaja yako yaliushusha kwa siku mbili. Mwili wa mtu anayekaa kwenye kiti saa nane kwa siku, na anayepanda lifti ofisini, haujawahi kuombwa kitu cha namna hiyo.

Ndani ya msuli kinachotokea ni hiki. Msuli ni kifungu cha nyuzi, na kila uzi umeundwa na vipande vidogo mno vilivyopangwa mnyororo, kila kimoja kama sehemu mbili za elfu moja za milimita kwa urefu. Wataalamu huviita sakomea. Msuli unapozuia huku ukirefushwa, mwili huamsha nyuzi chache kuliko wakati wa kunyanyua mzigo uleule, kwa hiyo kila uzi unabeba zaidi ya fungu lake. Vile vipande vilivyo dhaifu vinavutwa kupita kiasi hadi vinaachana, utando wa seli unapata nyufa, na kalsiamu inaingia mahali isipotakiwa. Yote haya hutokea kimyakimya, kwa sababu katikati ya nyuzi hakuna mishipa mingi ya fahamu ya kupeleka habari. Habari inapelekwa baadaye, seli za kinga zinapofika kusafisha na kukarabati. Zinaleta maji, msuli unavimba ndani ya gamba lake, na kemikali zinazotolewa huko zinaiamsha mishipa ya fahamu hadi mguso wa kawaida unageuka maumivu. Ndiyo maana ulicheza getini Jumamosi na ukalia Jumatatu. Na ule uvimbe wa ndani ndio unaofanya paja likatae kukunjika unapotaka kukaa.

Kiasi cha maumivu hakipimi kiasi cha madhara. Nimeona watu wanaolia ambao vipimo vyao ni vya kawaida tu, na wengine kinyume chake. Jambo lingine ni nguvu. Sasa hivi paja lako limepungukiwa nguvu kweli, si kwamba unaogopa kulitumia, na upungufu huo unaweza kubaki siku kadhaa hata maumivu yakiisha. Shika ukuta wa ngazi bila aibu. Wako walioshuka mlima salama wakaja kuvunjika kifundo kwenye ngazi za nyumbani.

Mama yako tumpe haki yake. Kukanda kwa maji ya moto kunapunguza maumivu na kulegeza mwili, na hakuna ubaya wowote, mradi maji yasiunguze. Chumvi haiingii kwenye msuli wala haivuti kitu, lakini haidhuru, na sioni sababu ya kubishana naye. Kuchuliwa pia kunasaidia kwa kiasi, ila kwa mikono laini, mafuta kidogo, kuelekea juu ya paja. Yule mchuaji wa kukandamiza kwa viwiko mpaka utokwe na machozi, mwambie arudi mwezi ujao. Msuli ulio kwenye matengenezo hauongezewi kipigo. Maji baridi nayo yana nafuu kwa baadhi ya watu. Chagua unachokipenda.

Kuhusu rafiki yako, ushauri wake una nusu ya ukweli, ingawa sababu aliyoitoa si yenyewe. Kujongea ndiyo dawa ya haraka kuliko zote, hata kama nafuu yake hudumu saa chache tu. Tembea mtaani dakika kumi na tano, mara mbili au tatu kwa siku, mahali tambarare. Ukianza utatembea kama roboti, dakika ya tano utashangaa. Kukimbia bado. Kujinyoosha misuli, ambako kila mtu hukushauri, kumepimwa sana, na majumuisho ya tafiti yanaonyesha kwamba kunapunguza maumivu ya siku ya pili kwa wastani wa nusu alama hadi alama moja kwenye mizani ya alama 100. Ukijisikia vizuri jinyooshe taratibu, lakini usikutegemee.

Dada wa duka la dawa ndiye ninayepingana naye waziwazi. Diclofenac ni dawa nzuri mahali pake. Tatizo ni kwamba dawa za kundi hilo hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na wewe umetoka kwenye siku sita za kutokwa jasho, hewa kavu na maji machache, huku misuli ikimwaga mabaki yake kwenye damu ili figo hizohizo ziyachuje. Kama mlimani ulikuwa unameza Diamox, ile dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, ambayo nayo hukojoza, umepoteza maji zaidi. Hapo si wakati wa kuziongezea figo mzigo. Halafu sindano. Sindano haina nguvu ya ajabu inayozidi kidonge kwa maumivu ya aina hii, bali inaweza kukuachia jipu la tako, na ikichomwa vibaya hugusa mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu. Nina wagonjwa wanaoburuta mguu kwa sababu hiyo, na maumivu waliyokwenda kuyatibu yangekwisha yenyewe. Ukishindwa kulala, meza paracetamol, vidonge viwili vya miligramu 500, usizidishe vidonge vinane ndani ya saa 24, na usichanganye na pombe. Kama una ugonjwa wa ini, muulize daktari kwanza.

Chakula kula kile unachokula siku zote, mradi kina protini ya kutosha: maharage, dagaa, mayai, maziwa. Kunywa maji ukisikia kiu na kidogo zaidi. Lala. Yale makopo ya unga wa jimu hayana kazi hapa.

Shemeji yako amekutisha, lakini hakusema uongo. Hali hiyo ipo, inaitwa rabdomiolisisi. Ilieleweka vizuri mwaka 1941, wakati London ikipigwa mabomu: watu walitolewa hai chini ya vifusi, miguu ikiwa imebanwa saa nyingi, kisha siku chache baadaye wakafa kwa figo kushindwa kazi. Madaktari Bywaters na Beall waliona figo hizo zimejaa rangi iliyotoka kwenye misuli. Msuli ukiharibika kwa wingi humwaga protini iitwayo mioglobini, na hiyo hudhuru vijifereji vya figo, hasa mtu akiwa amepungukiwa maji. Mazoezi makali yasiyozoeleka yanaweza kufikisha msuli hapo. Ni nadra, na kushuka kwa mwendo wenu wa kutembea na kupumzika hakufanyi hivyo kwa watu wengi, ila dalili zake ni lazima uzijue.

Ya kwanza ni mkojo. Si wa njano iliyokolea, huo ni upungufu wa maji. Nazungumzia mkojo wa rangi ya chai ya rangi iliyokolea au Coca-Cola, au mkojo unaokuwa kidogo mno hata ukinywa maji. Nyingine ni paja kuvimba hadi ngozi inang'aa, maumivu yanayozidi siku ya nne badala ya kupungua, udhaifu wa kushindwa hata kunyanyua mguu ukiwa umelala, kichefuchefu, au moyo kwenda mbio bila mpangilio. Ukiona hayo nenda hospitali yenye maabara, siyo duka la dawa. Wenye chembechembe za selimundu, hata wale waliorithi upande mmoja tu na hawajawahi kuugua, wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa misuli yao hupata hali hii kwa urahisi wakitumia nguvu nyingi kwenye joto au mahali pa juu.

Ukifika, sentensi ya kwanza mbele ya daktari iwe hii: "Nimeshuka Kilimanjaro Jumamosi, misuli inauma na mkojo umekuwa mweusi." Usipomwambia habari ya mlima, kwetu hapa mkojo ulioharibika rangi huitwa U.T.I. haraka sana, unapewa antibiotiki na kurudishwa nyumbani. Akijua historia atapima mkojo kwa darubini, atapima CK, kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye misuli iliyoumia, na potasiamu kwenye damu, na kazi ya figo. Usishtuke CK ikiwa juu kiasi, maana hata maumivu ya kawaida kama yako huipandisha. Daktari ataisoma pamoja na mengine.

Mambo mengine mawili ningependa uyaweke akilini. Ulikaa kwenye basi zaidi ya kilomita 500 baada ya siku kadhaa za upungufu wa maji. Kigimbi cha mguu mmoja kikivimba, kikawa na joto na kuuma, huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa. Hiyo haichuliwi kamwe, inapelekwa hospitali siku hiyohiyo, na ukisikia kifua kinabana au unakosa pumzi ni dharura. La pili ni malaria, ambayo nayo huumiza misuli na viungo. Mwili wote ukiuma pamoja na homa, baridi na kichwa, usiusingizie mlima, kapime.

Wapagazi sasa. Hawana damu tofauti na yako. Msuli ukipitia kazi ya kushuka mara moja, hata kwa kiasi kidogo, hujijenga upya kwa namna inayoukinga wiki kadhaa zinazofuata. Mpagazi anayeshuka mara mbili kwa mwezi na mzigo wake wa hadi kilo 20 hajawahi kuuacha ukinzani huo upotee. Muulize aliyekaa msimu mzima wa mvua bila kazi, atakwambia safari yake ya kwanza ilimfanya nini. Na usidhani hawaumii kabisa. Magoti yao nayajua.

Kwa hiyo ukitaka kurudi mlimani, usijiandae kwa kupanda peke yake. Kuanzia miezi miwili kabla, panda lifti ukashuke kwa ngazi, ghorofa mbili tatu kwa kuanzia, mara mbili kwa wiki, ukiongeza kidogo kidogo. Wengi hufanya kinyume chake, wanapanda ngazi na kushuka kwa lifti, halafu wanashangaa. Mlimani tumia fimbo mbili wakati wa kushuka, hatua fupi, goti likunjwe kidogo.

Na bonanza la Jumamosi. Netiboli ni kuruka na kusimama ghafla, kwa hiyo ni breki tena. Ijumaa jioni simama kwenye ngazi moja, shusha mguu mmoja chini polepole ukihesabu hadi tatu huku mwingine ukikubeba, mara tano kila upande, bila kushika kitu. Goti likitetemeka au paja likigoma, kaa benchi ushangilie na upige picha. Ukiweza bila shida, cheza robo ya kwanza, omba kutoka, na uwaambie wenzako nimekuruhusu hiyo tu.